Hatua za Mzee Taratibu

Saa nne asubuhi. Ndani ya kiwanda cha gundi ya mbao, mwanamke wa makamo amelala kifudifudi pembeni ya tangi la chuma lililo refu kuliko nyumba, sikio kaliweka kwenye saruji. Wafanyakazi wenzake wanampita kwa kunyata. Hakuna anayemuuliza kama amedondosha kitu.

"Leo ametulia," anasema akiinuka na kujipangusa magoti. Hasemi ni nani. Hapa kila mtu anajua.

Kiwandani wanamwita Mama Jicho. Jicho lenyewe ni chombo kidogo kama tochi, kimefungwa kwenye dirisha la kioo ubavuni mwa tangi. Kinapenyeza mwanga ndani ya gundi inayochemka na kupima ukungu wake. Gundi ikianza kuwa nzito ukungu huongezeka, mstari kwenye skrini hupanda, na mtu hufungua maji ya kupoza. Akichelewa, gundi hujipasha yenyewe, na hapo hakuna wa kuizuia.

Kazi yake ni kulilinda jicho hilo dhidi ya maadui wawili, joto na mtikisiko. Amelivika koti la bati lenye maji baridi yanayozunguka. Amelisimamisha juu ya vipande vya mpira na sanduku la mchanga ili mashine ya kukorogea isilitetemeshe. Na ole wake apitaye hapo na buti.

"Hata mende wa hapa wanatembea kwa vidole," anatania mdogo wake, ambaye kazi yake ni juu ya jukwaa, mdomoni mwa tangi. "Dada akikuona unakimbia, bora uunganishe mbio mpaka kwenu."

Utani huo haumchekeshi dada mtu. Jicho likipata joto hudanganya, huonyesha gundi safi ilhali imeshaharibika. Ndivyo ilivyokuwa zamani, kabla ya koti la maji. Mstari ulikaa chini, umetulia tuli, na tangi likafumuka. Mfanyakazi mmoja aliruka kutoka jukwaani, akalazwa miezi saba, akatoka hospitali anachechemea.

Huyo ndiye aliyemfundisha Mama Jicho kazi. Walimwita Mzee Taratibu, kwa kuwa ndilo neno alilomwambia kila aliyeingia. Kila asubuhi alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye gurudumu la kufungulia maji ya kupoza, na hata ulifunge jicho kwa mpira wa namna gani, hatua zake zilijichora kwenye mstari. Mkato mzito, mkato mwepesi, kimya. Mzito, mwepesi, kimya.

"Nilikuwa namjua kabla sijageuka," anasema. "Namwamkia shikamoo nikiwa nimempa mgongo. Anacheka, marahaba mwanangu, leo umenikamata tena."

Mzee Taratibu alizikwa mwaka jana. Mama Jicho alikuwepo makaburini, akatupia udongo kwa mkono wake mwenyewe.

Halafu mwezi uliopita, mchana kweupe, gundi ikiwa inachemka, mstari ukachechemea.

"Nikasema shikamoo," anasimulia, na sauti inashuka. "Mdomo ulitangulia akili. Kugeuka, hakuna mtu! Nywele zikanisimama. Na mstari unaendelea, mzito, mwepesi, huku unafifia, vilevile ulivyokuwa ukififia yeye akienda zake kwenye gurudumu."

Alizifuata hatua hizo. Akafungua maji ya kupoza, akamwita mdogo wake ashuke. Ndipo alipoligusa koti la jicho, likamuunguza vidole. Bomba lake la maji lilikuwa limeziba kwa uchafu. Jicho lilikuwa limeiva, na lilikuwa linawadanganya wote.

Meneja hakumcheka. "Mimi sibishani na kilichotuokoa," alimwambia. "Pengine ni mashine ya kukorogea imelegea mahali. Lakini mama, jicho linalotikisika ni jicho bovu." Akaagiza king'ora cha kulia bomba likiziba, ambacho hakijafika hadi leo, na mipira mipya minene isiyopitisha hata mshindo wa lori.

Mipira ilifika upesi, ikakaa ndani ya boksi. Kila siku Mama Jicho alikuwa na sababu. Mwishowe mdogo wake alimsema.

"Dada, unataka nikae kule juu nikimtegemea marehemu?"

"Sasa nikimfungia nje?"

"Jicho liwe jicho, naye awe yeye."

Asubuhi hii amepiga moyo konde na kuifunga mipira hiyo. Alipokaza bolti ya mwisho alilia, wala hakujificha. Mstari sasa umenyooka kama uzi wa mwashi.

"Inaniuma," anasema. "Naona kama nimemziba mdomo mzazi."

Kabla ya kazi kuanza amelitazama koti la maji, ameligusa, limepoa. Kisha ametoa kwenye kabati kikombe cha bati alichokuwa akinywea Mzee Taratibu, amekijaza maji, na kukiweka sakafuni karibu na gurudumu, bila mpira wala mchanga chini yake. Ukimuuliza cha nini, anainua mabega.

"Mimi sina makuu. Nataka nistaafu bila mtu mwingine kutoka hapa akichechemea. Na huyu mdogo wangu nimrudishe mzima kwa mkewe kila jio..."

Hamalizi. Juu gundi inachemka. Kwenye skrini mstari umetulia tuli. Anatazama chini.

Ndani ya kikombe maji yanachora duara kubwa, kisha dogo, kisha yanatulia. Kubwa, dogo, kimya. Kati ya mlango na gurudumu hakuna anayetembea.

"Shikamoo, mzee," ananong'ona.

Mkono wake umeshafika kwenye gurudumu. Anainua uso kuelekea jukwaani.

"Mdogo wangu, shuka!"

Hapo hapo buti zake zinaanza kugonga ngazi.