Yule Waliyemwita Sista Nusu

Niliporudi kutoka shule Jumatano nilimkuta mama ameketi mlangoni, kitenge kimoja kiunoni na kingine begani, sufuria letu kubwa likiwa tayari pembeni yake. Sufuria lile hutoka ndani kwa ajili ya harusi na msiba tu, na harusi hatukuwa nayo. Sikuuliza ni nani. Aliniambia mwenyewe, "Ma'mdogo wako wa jumuiya ametutoka. Homa tu, mwanangu. Juzi alikuwa anacheka na mimi hapa hapa." Hatukuwa ndugu wa damu. Alikuwa jirani yetu upande wa migomba, nami nilimwita ma'mdogo kama watoto wote wa kijiji chetu cha Ngana walivyomwita. Ninyi mnaosoma safu hii ya vijana wa parokia mnajua kuwa mimi huandika kwa sababu kuongea kunanishinda. Wiki hii hata kuandika kumenishinda mara kadhaa, lakini sitaki aende kimya kimya.

Watu wazima wanamkumbuka zaidi kwa jina la utani. Alipokuwa msichana aliingia katika malezi ya utawa, akakaa huko miaka, na alipokaribia kuweka nadhiri zake za kwanza mama yake alipata kiharusi, upande mmoja wote ukafa. Ndugu wengine hakuwa nao. Aliomba ruhusa akarudi, na hakurudi tena utawani. Hapa kwetu binti akiweka nadhiri, kijiji kizima kinatoka na matawi, vigelegele vinasikika hadi mtoni Songwe, na ng'ombe anaanguka. Yeye alirudi juu ya bodaboda na begi moja, hakuna aliyempokea. Halafu wakaanza kumwita Sista Nusu. Nilimsikia kijana mmoja pale kwenye mashine ya kukobolea mpunga akimtania, "Shikamoo Sista Nusu! Nusu nyingine uliiacha wapi?" Akaitikia marahaba vizuri tu, akapandisha debe lake kichwani, akasema, "Iko kule kwa masista inapalilia bustani. Hii mvivu ndiyo wakaniambia nirudi nayo Kyela." Watu walicheka, naye akacheka. Mimi niliyekuwa nyuma yake niliona debe linatikisika.

Nitawaambia na habari ya mvua. Siku hiyo jumuiya yetu ilikuwa inasali kwa mzee mwenyekiti wetu, na kwake, baada ya Injili kusomwa, kimya ni sheria. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," husema, "tufumbe macho, kila mmoja asikilize Mungu anamwambia nini." Tukafumba. Mara tukasikia ngurumo upande wa ziwani, na mvua ya Kyela mnaijua, haitumi mjumbe. Jirani yetu, mama wa Kiislamu anayevusha mchele kwenda kuuza Malawi, akaanza kuita kutoka ng'ambo ya migomba, "Jamani! Jamani majirani, kakao yangu mkekani inaloa!" Tulimsikia wote. Nakumbuka tulivyofumba macho kwa nguvu zaidi, kana kwamba yule mama ni jaribu la shetani. Ma'mdogo peke yake ndiye aliyenyanyuka, tukasikia kandambili zake zikikimbia. Aliporudi, nguo zimemganda mwilini, mwenyekiti alimkunjia uso. "Binti, Mungu anazungumza, wewe unatoka?" Akajibu huku akikamua kitenge chake mlangoni, "Nilimsikia, baba. Leo alikuwa anapiga kelele kabisa." Kisha akaongeza taratibu, "Na kakao yako nimeifunika, maana nayo ilikuwa nje." Mzee alitazama dari, akatazama rozari yake, akasema, "Ndaga fijo," asante sana, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena. Tulicheka mpaka wimbo wa mwisho ukaharibika.

Msidhani kwa hiyo kwamba alikuwa na uhakika. Hilo ndilo linaloniuma. Mwaka huu masista walikuja parokiani kuzungumza na wasichana juu ya miito, wakasema anayejisikia kuitwa asimame. Moyo wangu ulidunda hadi masikioni lakini sikusimama, kwa sababu kusimama mbele za watu siwezi hata kwa kujibu swali la hesabu. Jumamosi yake nilikwenda kumsaidia ma'mdogo kugeuza kakao kwenye mkeka, nikamuuliza bila kumtazama, "Ma'mdogo, mtu anajuaje kwamba anaitwa?" Nilitegemea jibu zuri la mtu aliyewahi kukaa na masista. Akaendelea kutandaza mbegu kwa viganja. "Mwanangu, mimi sijui," akasema. "Kule utawani nilisikiliza sana, nikadhani nimesikia. Nikaja huku nikadhani nimesikia tena. Sasa sauti ipi ilikuwa ya Mungu? Kila siku namuuliza kama nilikosea kuondoka." Nikamuuliza anajibiwa nini. "Hajanijibu bado," akasema, akanipa upande mwingine wa mkeka tuuvute kutoka kivulini. Amekufa bila mtu yeyote kumwambia kama alikosea au hakukosea, na kwa jina lile la Sista Nusu, sisi wanakijiji kila siku tulikuwa tunamjibu vibaya.

Tulimzika kesho yake mchana, pale pale nyumbani, kati ya migomba. Mama yake hakuweza kufika kaburini. Aliachwa kitandani chumba cha ndani, na baada ya maziko sisi wanawake tulijaa humo sakafuni juu ya mikeka. Katekista alipoingia kumfariji, bibi huyo alimshika mkono kwa ule mkono wake mzima. "Niambie wewe unayejua vitabu," akasema. "Nilimnyang'anya Mungu mtumishi wake? Hata kusali hapa nilimzuia. Kila alfajiri anapiga magoti hapo, anaanza, nami mgongo unaniwaka, namwita anigeuze. Anaacha sala yake anakuja. Kwa sababu yangu hakumaliza sala hata moja." Katekista ni mtu mwema, lakini alisema tu, "Mama, hayo tumwachie Mungu," akatoka ameinamisha kichwa. Halafu bibi, nadhani kwa mazoea, mgongo ulipomwaka, akaita jina la binti yake. Aliita kama mtu anayemwita aliye jikoni. Wanawake wote wakaangua kilio, na hakuna aliyesogea, kwa maana nani angeitikia jina la marehemu?

Sijui nilifanyaje. Nilisikia sauti yangu, mimi huyu, mbele ya chumba kizima, ikisema, "Abee, mama." Nikaruka miguu ya watu nikafika kitandani, nikapitisha mikono chini ya mgongo wake kama nilivyowahi kumwona ma'mdogo akifanya, nikamgeuza. Alikuwa mwepesi. Akapapasa vidole vyangu kimoja kimoja. "Mikono hii si yake," akasema. "Si yake, mama." "Lakini umekuja." Nikasema, "Nimekuja." Akafumba macho, akapumua.

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Ma'mdogo alikuwa akipiga magoti kumuuliza Mungu kama alikosea, na kabla hajamaliza swali anaitwa, anakwenda. Alidhani sala yake imekatizwa. Mimi nadhani alikuwa anajibiwa, kila alfajiri, na jibu lilikuwa fupi na la kuchosha kiasi kwamba hakulitambua. Natamani ningelijua hili siku ile ya mkeka nimwambie. Sasa hana haja ya kuambiwa nami, anaye wa kumwambia.

Bado sijui kama nitakuwa sista. Wanawake wa jumuiya wamepangana zamu kwa bibi, na alfajiri ya Jumamosi nimeomba iwe yangu. Ninachoweza kuwaambia vijana wenzangu ni hiki tu: tunapongoja wito, tusifumbe macho sana. Anayeita anaweza kuwa na mgongo unaouma, na akaita jina ambalo si letu. Tuitike hivyo hivyo.