Mashine ya Kahawa ya Watu Wawili

Mama yangu hukumbuka safari zangu kwa vitu nilivyorudi navyo. Kutoka Tunduru nilirudi na redio iliyoshika stesheni moja tu, tena ya Msumbiji. Kutoka Msumbiji yenyewe nilirudi na viatu vya mtu mwingine. Na kutoka Mbinga, nilikofanya kazi miaka kadhaa kwenye jiko la nyumba ya wageni, nilirudi na mfuko wa kahawa ya kusaga na tabia ya kuinywa kila asubuhi kabla sijaongea na mtu.

"Afadhali ungerudi na mke," alisema.

Kwetu Mikindani kahawa ina mahali pake. Ni ya wanaume, barazani, baada ya swala ya alasiri, anapopita muuza kahawa na birika lake na vikombe vyake vidogo. Ndani ya nyumba watu hunywa chai. Ukisikia harufu ya kahawa inatoka jikoni kwa mtu asubuhi, ujue kuna msiba, wanawachemshia waliolala matangani. Hilo nilikuwa nimelisahau. Asubuhi ya kwanza nilichemsha yangu kwenye sufuria, nikaichuja kwa chujio la chai, na kabla sijamaliza kutema machicha ya kahawa jirani yetu alishafika mlangoni, kajifunga khanga kichwani, uso umeshajiandaa. Alichungulia chumba kimoja, akachungulia cha pili, akamkuta mama anachambua mchele.

"Sijafa," mama akamwambia. "Ni huyu amerudi."

Jirani alikaa, akanywa chai, wakanijadili weee kana kwamba sipo.

Aliyekuwa hacheki ni dada yangu. Miaka yote niliyokuwa nikizurura, yeye ndiye aliyekaa na mama. Sasa mumewe alikuwa amehamishiwa Masasi kikazi, ametangulia, na yeye alitakiwa kumfuata na watoto. Kama mimi nakaa, mama angebaki kwenye nyumba yake. Kama nitakaa kidogo halafu niondoke, kama ilivyo kawaida yangu, basi ingebidi mama naye apelekwe Masasi. Na mama Masasi hapataki. Aliwahi kukaa huko wiki moja, akarudi akisema samaki wa kule wanafika wamechoka kuliko abiria.

"Kaka, nijibu," dada aliniambia uani, mama akiwa ndani na mlango ukiwa wazi. "Unakaa au hukai?"

Nilimwambia nafikiria kununua mashine ya kahawa.

Dada alinitazama. "Nimekuuliza habari ya mama, unanijibu habari ya kahawa."

Kwangu mimi lilikuwa jibu. Mtu anayenunua kitu cha kuchomeka ukutani ana nia ya kukaa karibu na ukuta huo. Lakini sikulisema, na kwa kweli hata mimi sikuwa na hakika nalo.

Mashine niliyoitaka naijua vizuri, nimeitumia Mbinga. Si ile ya mahotelini inayounguruma na kutoa povu. Ni ya kawaida tu: unatia maji nyuma, unaweka kahawa kwenye chujio, unabonyeza swichi, na maji ya moto yanadondoka juu ya kahawa tone kwa tone mpaka jagi lijae. Hakuna kutema machicha, hakuna kusimama jikoni kuchunga sufuria isifurike.

Siku niliyokwenda kuitafuta Mtwara mjini, mama alivaa baibui lake la kutokea, akachukua kapu lake la ukili.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kukusindikiza. Nimezoea."

Tulichukua bajaji. Mwenye duka ni Mhindi aliyezaliwa Mikindani, mtaa wa pili kutoka kwetu. Marehemu mama yake na mama yangu walikuwa wakiazimana masufuria wakati wa shughuli. Alimwamkia mama, akamvutia kiti, kisha akanigeukia mimi.

"Msafiri. Umefika lini, na unaondoka lini?"

"La pili hilo hata mimi sijui," mama akasema. "Labda wewe atakwambia."

Nikasema nimekuja kununua mashine. Aliweka mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya mtu mmoja, na chini yake kilikaa kikombe chake chenye mfuniko. Niliipenda palepale. Chujio lake lilikuwa la kuosha, na hilo ni jambo kubwa, maana machujio ya karatasi huku kwetu mpaka uagize Dar. Haikuwa na saa, na hilo pia ni zuri, maana umeme ukikatika kila chenye saa humulika sifuri mpaka mtu aje akibembeleze. Haikuwa na sahani ya moto ya kuunguza kahawa. Na mnywaji ni mimi peke yangu. Nilimweleza mama yote hayo kwa utaratibu.

 Mama aliinua ile mashine, akaipima uzito kwa mkono, akafungua kapu lake, akaitumbukiza ndani. Ikaingia yote, na nafasi ikabaki.

"Hii inakaa au inasafiri?" akamuuliza mwenye duka.

"Inasafiri vizuri sana, mama. Vijana wa kiwanda cha gesi kule Madimba ndiyo wanayoitaka. Zamu ya mtu ikiisha, anaitia begini, huyo."

"Ehe," mama akasema. Akaitoa kapuni, akairudisha kaunta polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Ya pili ilikuwa na jagi la kioo kubwa kama ndoo ya mtoto. "Vikombe kumi na viwili," mwenye duka akasema. "Sahani ya moto ipo, saa ipo. Unaipangia usiku, asubuhi inajiwasha yenyewe."

"Vikombe vya chai au vile vya kahawa?"

"Vya katikati, mama. Kwa vile vya barazani, unanywesha mtaa mzima."

Mama alinigeukia. "Baba, hivyo vyote unamchemshia nani? Au unajiandaa mapema, nikifa usihangaike kuazima sufuria?"

Mwenye duka alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi nilicheka kidogo.

"Hiyo ndogo ni ya mtu anayeondoka," mama akaendelea, sasa akiongea na mwenye duka peke yake. "Na hiyo kubwa ni ya watu waliokuja kuzika. Huna ya watu wanaoishi?"

Mwenye duka akaenda stoo, akakaa sana, akarudi na boksi lililochanika pembeni. Alisema hii haiondoki dukani, kwa maofisi ni ndogo na kwa wapangaji wa chumba kimoja ni kubwa. Vikombe sita, chujio la kuosha, swichi moja. Sahani ya moto inayo, lakini nisiiachie: kahawa ikishamaliza kudondoka niimimine kwenye chupa ya chai.

"Sita ni watu wangapi?" mama akauliza.

"Wawili, mama. Waliokaa kitako," mwenye duka akajibu.

"Lakini wewe," akakumbuka, "si hunywi kahawa?"

"Sinywi." Mama alikuwa anafuta vumbi juu ya boksi kwa ncha ya mtandio. "Nitajifunza."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Miaka yote hiyo mama hajawahi kuniomba nibaki. Alikuwa akinifungia mihogo ya kuchemsha ya kula njiani, na kunitania mpaka stendi. Nilingoja aseme neno moja zaidi. Yeye akaulizia kama waya wa mashine unafika mbali.

Nikamwambia mwenye duka atufungie hiyo.

Jioni dada alikuja na kuikuta mezani. "Ya watu wawili," mama akamwarifu, akaingia ndani, akaacha mlango wazi.

"Panga mizigo yako," nikamwambia dada. "Nakaa."

"Mpaka lini?"

"Dada, panga mizigo."

Dada aliondoka kabla korosho hazijaanza kuokotwa. Mama naye alijifunza kweli, ingawa kwa sukari ambayo kule Mbinga wangetufukuza jikoni. Anasema ina ladha ya dawa ya mti, na kila asubuhi anataka kikombe cha pili. Jirani siku hizi akisikia harufu anakuja na kikombe chake mwenyewe, kwa hiyo ile hesabu ya watu wawili haikuwa kamili. Na mimi siwezi kusema miguu imetulia. Basi la Newala likipiga honi barabarani najikuta nimeshasimama, na mama huniuliza kama nimekalia siafu.

Dada hupiga simu kila asubuhi. Haanzi kwa salamu, anauliza, "Yupo?" Mwezi uliopita nilikuwa uani naanika machicha, mama anapenda kuyatia kwenye mashina ya mpapai, nikamsikia akijibu kwa sauti ya unyonge, "Ameondoka, mwanangu. Alfajiri." Kisha akasikiliza, mabega yakitikisika kwa kicheko, mpaka sauti ya dada ikawa inasikika huko uani nilikokuwa.

"Nakutania, yupo," mama akamwambia mwishowe. "Mwambie mwenyewe," akasema, akininyooshea simu. "Mimi haniamini."

Nikamwambia dada nipo. Ikabidi niseme mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, maana hata mimi hakuniamini.