Mama Kiti wa Shule ya Meno

Shule ya meno ya chuo kikuu ilianza vibaya, na anayekwambia vingine hakuwepo. Ilianzia kwenye vyumba viwili nyuma ya hospitali kuu, vilivyokuwa stoo ya vitanda vibovu. Kilichofanya viitwe shule ni kiti kimoja cha chuma, ambacho kilipanda kwa kukanyagwa na kushuka chenyewe kilipojisikia. Keekee ya kutobolea meno nayo iliendeshwa kwa mguu, kama cherehani. Mwalimu alikuwepo, wanafunzi walikuwepo, vitabu vilishaletwa. Wagonjwa ndio hawakuonekana.

Maana nani angekubali? Watu walikuwa tayari kwenda kung'olewa jino na daktari aliyehitimu, tena baada ya kulala macho wakigugumia kwa maumivu. Lakini kumfungulia kinywa kijana aliyeanza kusoma juzi, hapana, roho si mali ya kuchezea. Wanafunzi wakakaa wanatazamana, koti jeupe kwa koti jeupe, wakahesabiana meno wao kwa wao mpaka wakachoka.

Makoti hayo ndiyo yaliyomleta Mama Kiti. Wakati huo hakuwa bado na jina hilo. Alikuwa fundi cherehani tu, mke wa fundi baiskeli, na shule ilimpa kazi ya kuyashona. Alipoleta furushi la mwisho alimkuta mwalimu, ambaye wote walimwita Mkuu, amekaa yeye mwenyewe kwenye kiti cha mgonjwa, kinywa wazi, akijaribu kufundisha huku ameshikiwa ulimi. Mama akauliza mgonjwa yuko wapi. Wakacheka kicheko cha aibu. Akaweka furushi chini, akavua viatu, akamwambia Mkuu ateremke.

"Nina jino la nyuma linanisumbua," alisema. "Ila nikisema basi, iwe basi."

Mkuu akamwambia kwamba mtu mwenye vyuma mdomoni hawezi kusema basi. Wakafikiri, na hapo hapo ikatungwa kanuni ambayo shule ile inaifuata mpaka leo: mgonjwa ataweka mkono wa kushoto juu ya paja, na akiuinua, kila mtu anaacha alichoshika. Hakuna kuuliza, hakuna "vumilia kidogo, mama". Mkono ukiinuka, kazi imesimama. Siku ile ya kwanza aliuinua mara nyingi, na kila mara vijana waliruka nyuma kama waliogusa pasi ya moto.

Jino likazibwa, likafunguka, likazibwa tena. Akarudi kwa la pili. Akawaleta majirani waliokuwa na meno mabovu na waliokuwa na udadisi tu. Alipewa jina la Mama Kiti na darasa lile la kwanza, na likamganda. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto, na sidhani kama ni siri kwamba wale vijana aliwachukua kuwa wanawe. Waliokosa nauli ya kwenda makwao likizo walikula kwake. Aliwashonea vifungo, akawagombeza kwa kucha ndefu, akawaambia ukweli kuhusu mikono yao: huyu mzito, huyu ana haraka, huyu atafika mbali.

Fundi baiskeli alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake mkubwa ulikuwa huo. Aliwaambia wateja wake kwamba kinywa cha mkewe ni kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia hapo. Wakati mwingine alisema mkewe ni mali ya serikali kuanzia pua mpaka kidevu, na yeye ameachiwa sehemu nyingine azitunze. Lakini jioni alikuwa wa kwanza kuuliza nani kashika keekee leo, na je, mkono uliinuka? Mama akisema haukuinuka, alifurahi kana kwamba kijana aliyefaulu ni wa ukoo wake. Akisema uliinuka, alitaka kujua jina.

Shule ikakua. Ikapata jengo lake, la ghorofa, lenye viti vilivyopangwa safu na taa zinazoning'inia. Keekee za mguu zikawekwa kwenye kabati la kioo ukumbini, wageni wazishangae. Pamoja na jengo ukaja mtihani mkali wa mwaka wa mwisho. Kila mwanafunzi alipaswa kuja na mgonjwa wake mwenyewe, mwenye jino linalofaa, akalishughulikia mbele ya mtahini aliyetoka chuo kingine. Kila hatua mtahini alikuja kuikagua. Mgonjwa akiinua mkono, kazi inasimama kama kawaida. Mgonjwa akinyanyuka kitini kabla kazi haijakaguliwa, mtihani umekufa. Vijana walikuwa wakiwabembeleza wagonjwa wao kuliko wachumba.

Sasa kulikuwa na mmoja waliyemwita Mlingoti, kwa urefu wake. Alikuwa na mikono mizuri na bahati mbaya. Mwaka uliotangulia mgonjwa wake alishikwa na woga katikati ya mtihani, akashuka kitini na pamba mdomoni, akaondoka zake. Mlingoti akafelishwa, akarudia mwaka. Kuanguka mara ya pili kulikuwa na maana moja tu: kufungasha. Mama yake alikuwa kibarua wa kufua nguo za watu, na kijana aliona afadhali kufa kuliko kurudi kwake mikono mitupu. Akamwendea Mama Kiti. Mama akamwambia, mwanangu, hata wanibebe kwa machela nitakuja.

Wiki hizo fundi baiskeli alikuwa mgonjwa. Kifua kilimbana, akapumua kwa shida, akalala huku ameegemezwa mito. Dada yake alikuja kusaidia kumuuguza. Wifi huyu alikuwa na moyo mwema na hofu nyingi. Alishawahi kuwaita majirani kwa kilio kwa sababu kaka yake amekohoa. Asubuhi ya mtihani mgonjwa aliamka na nafuu. Alikunywa uji, akauliza habari za baiskeli ya mteja fulani. Mama Kiti akasema basi, atabaki nyumbani, Mlingoti atatafutiwa mtu mwingine.

"Mtu gani, saa hizi?" mumewe alisema. "Nenda. Mtoto wa watu asije akaangamia kwa sababu ya kifua changu. Nikizidiwa nitamtuma huyu wifi yako, wewe uinue mkono, uje."

Akaenda.

Alipanda kitini, akachomwa sindano ya ganzi. Mlingoti akamtandazia mdomoni kile kipande chembamba cha mpira wanachokitumia, kilichobanwa kwa kibanio cha chuma, jino moja tu likichungulia katikati. Ukifungwa hivyo huwezi kusema hata neno, unaweza kupumua na kutazama tu. Mtahini akakagua hatua ya kwanza, akaitikia kwa kichwa. Mlingoti akatoboa, taratibu, jasho likimtiririka shingoni. Mtahini akakagua tena. Ikabaki kuziba, kuchonga na kung'arisha.

Ndipo Mama Kiti alipomwona wifi yake mlangoni.

Mlinzi alikuwa amemzuia kwa mkono, akimweleza kwa sauti ya chini kwamba kuna mtihani, haruhusiwi mtu. Wifi alikuwa kichwa wazi, hana hata kilemba, na mguuni alikuwa na kandambili zisizofanana. Hakupiga kelele. Alisimama akatazama ile safu ya viti mpaka akampata aliyemtafuta.

Mama Kiti akamtazama. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya paja. Yeye ndiye aliyeitaka kanuni ile, na katika chumba kizima hakuna aliyejua kuitumia kama yeye. Alifikiri: huyu wifi naye, kikohozi tu hicho. Alifikiri: asubuhi amekunywa uji. Alimtazama Mlingoti, aliyekuwa akipachika dawa kwa mkono uliotulia kabisa, na akafikiria yule mama mfua nguo. Alifikiri: bado kidogo, anamalizia. Na chini ya mawazo yote hayo, mahali ambapo mtu hajidanganyi, alijua. Wifi hawezi kutoka nyumbani bila kilemba kwa ajili ya kikohozi.

Mkono haukuinuka. Wifi alisubiri kidogo, kisha akageuka, akaondoka.

Kuchonga kulichukua muda, kung'arisha kukachukua muda. Mtahini alikuja na kioo chake, akainama, akageuza taa, akasema hajaona kazi safi kama ile mwaka huo. Mlingoti akalia palepale bila aibu. Mama Kiti alivua mpira ule kwa mikono yake mwenyewe, hakungoja kusukutua. Alikimbia njia nzima, nusu ya uso imekufa ganzi, mate yakimtoka bila kuyasikia. Alipofika kwenye uchochoro wao alikuta wanawake wameshakusanyika mlangoni, akaacha kukimbia.

Alilia msiba wa mumewe kwa nusu ya mdomo, maana ganzi haikuwa imeisha. Watu waliohani waliuliza yale yanayoulizwa, ilikuwaje, yeye alikuwa wapi. Kabla hajapata la kujibu, wifi akawahi kumjibia. Alisema alikwenda kumwita, akazuiwa mlangoni, na mke wa kaka alikuwa amefunikwa uso, hakumwona. Alisema hivyo siku ya mazishi, akasema hivyo kwa kila aliyekuja baada ya hapo. Mlingoti alikuja na darasa lake lote, wakabeba jeneza. Hakujua kitu, na mpaka leo hajui.

Wajane na wapweke huokotana. Wifi hakurudi kwake. Alibaki, na wanawake hao wawili wakaishi nyumba moja, cherehani upande huu, jiko upande ule. Mama Kiti aliendelea kwenda shuleni miaka mingi. Kama ilikuwa mapenzi au ni adhabu aliyojipangia, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ninachojua ni kwamba hakuinua tena mkono wake, hata walipomuumiza, na walimuumiza sana. Vijana waliona wamepata mgonjwa jasiri. Kisha chuo kikanunua vichwa vya mpira vyenye meno ya kutengenezwa, wanafunzi wakajifunzia hapo, na siku moja akaambiwa kwa heshima zote kwamba sasa apumzike. Mlingoti alikuwa ameshakuwa mwalimu, na baadaye akawa Mkuu wa shule.

Shule ilipokaribia kusherehekea umri wake, iliamua kuandika historia yake. Alitumwa mhadhiri mmoja, binti mwenye adabu, amhoji Mama Kiti nyumbani. Aliuliza kuhusu vyumba viwili vya stoo, kuhusu kile kiti, kuhusu Mkuu wa kwanza. Bibi alimweleza vizuri, akamchekesha. Halafu binti akasema Mkuu wa sasa ameomba siku moja iandikwe kwa ukamilifu, siku ya mtihani wake, kwamba bila mama huyu kuvumilia kitini hadi mwisho, yeye leo angekuwa si kitu. Akauliza mama anakumbuka nini.

Mama Kiti alisema anakumbuka kulikuwa na joto.

Wifi, aliyekuwa amekaa kitandani akikunja nguo zilizotoka kufuliwa, akaingilia kama alivyozoea. Akamweleza binti kwamba kaka yake alifariki siku hiyohiyo, kwamba yeye alikwenda kuita akaishia mlangoni, na wifi yake, masikini, hakumwona. Binti akasema pole, akaandika, akaona haya kuuliza zaidi. Alikunywa chai, akaaga.

Mama Kiti alikaa akiutazama mlango uliofungwa. Miaka yote hiyo alikuwa amebebewa uongo na mtu aliyedhani ni kweli, ndivyo alivyoamini, na sasa uongo wenyewe ulikuwa unakwenda kupigwa chapa na kuwekwa maktaba, na wifi yake ameshazeeka, anaweza kulala leo asiamke. Akaona hawezi kumwacha aende hivyo, huenda amekuwa akijilaumu kwamba hakumsukuma yule mlinzi.

"Wifi," alisema. "Siku ile nilikuona."

"Najua," wifi alisema. "Tulitazamana."

Hakuacha kukunja nguo. Mama Kiti alimwuliza kwa nini basi aliwaambia watu vile, na wifi akasema watu wana midomo, wangemla nyama angali hai, na kaka yake asingependa. Kisha akachukua nguo nyingine.

"Yeye aliniuliza," alisema. "Nilipoingia tu, akaniuliza kama umeinua mkono. Nikamwambia umeinua. Nikamwambia uko nyuma yangu unakuja."

Mama Kiti aliuliza alisemaje.

"Alifurahi sana. Akaniomba nimvue fulana, nimvalishe lile shati la kijivu, nimkalishe vizuri, hataki kukupokea akiwa kama mgonjwa. Nikamvalisha. Nilitaka kumlaza, akakataa, akasema usinilaze, mwenzangu anaingia sasa hivi. Akawa anatazama mlango."

Siku ile Mama Kiti alikuwa ameliona shati lile mwilini mwa mumewe, na siku zote alidhani ni wanawake wa mtaani waliomvalisha, kumsitiri. Alishika ukingo wa meza ya cherehani. Aliuliza kama alikaa hivyo muda mrefu.

Wifi alitua nguo mapajani, akamtazama, na kwa mara ya kwanza hakumdanganya mtu kwa ajili yake.

"Muda mrefu," alisema.