Kinachosababisha

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi, huko mtaani Kisumu Ndogo, hakuna aliyekufa hivi hivi tu. Kila maiti ilikuwa na mtu wake wa kulaumiwa, na wa dada yangu Awuor alikuwa Mama Ouma, jirani aliyekaanga samaki kwenye mlango wa ploti yetu.

Awuor alianza kwa kuumwa na kichwa kila asubuhi. Alitapika kabla hajatia kitu mdomoni, kisha akapata nafuu na kutoka kucheza. Mama akakumbuka kwamba mtoto alikuwa amekula omena, vile vidagaa vya ziwani, huku Mama Ouma akimwangalia. Macho ya Mama Ouma yalikuwa mekundu kwa moshi wa mafuta, na kwetu hilo lilitosha. Majirani wakasema ni jasihoho, mtu ambaye akikutazama ukila, chakula kinageuka ugonjwa tumboni.

Tukaenda kwa mwanamke mmoja wa Soweto East aliyesifika kwa kutoa jicho baya. Alimchanja Awuor tumboni kwa wembe, akamkanda kwa majani mabichi, na sote tukaona akitoa vipande vya omena. Mama alilia kwa furaha. Mimi pia niliamini, ningekosaje kuamini na omena nimeiona? Lakini tumbo, jamani. Mtoto analia kichwa, sisi tunachanja tumbo.

Tuliendelea kurudi kwake hata jicho la Awuor lilipoanza kukimbilia puani na yeye kupepesuka akitembea. Vijana wa ploti walimwaga mafuta ya Mama Ouma mtaroni, wakamwambia ahame. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni petu.

"Mama Awuor, mpeleke mtoto hosi."

Mama alimfungia mlango. Tulipofika hospitali hatimaye, tuliambiwa ni uvimbe kwenye ubongo, na kwamba tumechelewa sana. Awuor hakurudi shuleni tena. Tulimzika.

Mwaka huu mama mwenyewe, ambaye sasa anakaa Gatina, alianza kuumwa na kichwa asubuhi. Safari hii sikumuuliza mtu, nilimpeleka hospitali. Ni uvimbe, kwenye ubongo. Jioni ya kuamkia upasuaji alikuja daktari kijana anayefanya utafiti, akaomba wabaki na kipande cha uvimbe huo wakichunguze. Alieleza kwa upole kwamba ugonjwa huu huwapata watoto na watu wazima, na mara nyingi hata madaktari wenyewe hawajui kwa nini.

"Tunatafuta kinachosababisha," alisema.

Mama alimtazama kidogo. "Kinachosababisha, ama anayesababisha?"

Daktari akacheka, akidhani ni mzaha. Mama akatia sahihi, kisha akamwambia, "Mkimpata, mniambie. Mimi namjua, lakini nataka huyu msichana wangu aamini."

Nilipandwa na hasira ya miaka yote ile. Nilitaka kumwambia kwamba Mama Ouma hakufanya kitu, kwamba ile miezi ya wembe tuliipoteza sisi. Lakini daktari hakuwa na mtu mwingine wa kumpa mama. Kama ningemwondoa Mama Ouma, mama angebaki na nani wa kumlaumu ila yeye mwenyewe, na kesho yake anapasuliwa kichwa?

Nikamfunika miguu, nikamwambia sawa mama, wakimpata watatuambia.