Kidole Changu na Jicho la Ng'ombe

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hasira hunipanda mpaka chai inapoa mkononi. Na tangu Jumamosi nina hasira mbili.

Unanijua mimi ni mtu wa nyumbani. Kunitoa hapa mtaani Dallas, Embu, mpaka Meru ni kazi kama ya kumtoa paka jikoni. Lakini ulinialika kwenye maonyesho ya picha ya mwenzako Kendi, nikavaa koti la mazishi nikaja. Nikawakuta ninyi wasanii mmezipa picha mgongo, sambusa mkononi, kila mmoja akisimulia kazi zake mwenyewe. Halafu nikakuona wewe ukikwaruza picha ya Kendi kwa ukucha, mpaka ikabaki alama.

"Nataka kujua ametumia nini," ukaniambia, ukacheka.

Mimi sikucheka. Ukucha huo naujua. Umeurithi kwangu.

Nilipokuwa rika lako nilichora vibao vya vinyozi hapa Embu, na nilijiona fundi kweli, ingawa vichwa vyote nilivyochora vilifanana na changu. Rafiki yangu Mwalimu Njeru, wa Siakago, alipewa ukumbi wa kanisa hapa mjini mchana mmoja atundike picha zake. Picha kubwa ilikuwa ya ng'ombe dume wa baba yake; dume huyo alikufa kwa kiangazi. Mzee alimpenda yule dume, na hakupenda hata kidogo mtoto wake kuchora. Siku hiyo alikubali kuja kuona, mara ya kwanza.

"Nisaidie kuangalia ukumbi," Mwalimu akaniambia. "Naenda stejini kumpokea mzee akishuka kwenye gari."

Nikabaki peke yangu na yule dume. Rangi yake ilinisumbua: nyekundu ya kahawia ambayo sijaiona dukani. Badala ya kungoja niulize, nililamba kidole nikasugua, tena pale penye jicho. Kumbe Mwalimu alikuwa amechanganya udongo wa boma lao na utomvu wa mgunga, na vitu hivyo havitaki mate. Jicho likatoka lote, likabaki doa.

Wakaingia. Mzee alivua kofia, akasimama mbele ya picha muda mrefu.

"Pembe ni zake," akasema. "Lakini ng'ombe wangu hakuwa kipofu."

Mwalimu akaangalia picha, kisha akaniangalia mimi. Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Unajua nilisema nini, mimi baba yako? Nilisema, "Labda rangi haikukauka vizuri."

Mzee akavaa kofia yake, akatoka. Mwalimu hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Alisema tu, "Ungeniuliza. Ningekuambia hata ni udongo wa upande gani wa boma."

Wiki mbili sikulala vizuri. Mwishowe nikaenda Siakago, nikamwambia mzee ukweli. Alinisikiliza tumesimama hapo nje, hata kiti hakunipa.

"Kwa nini unaniambia mimi?" akauliza. "Aliyechora ni yeye. Ulipaswa kusema palepale, nikiwa nimesimama mbele ya picha."

Mwalimu alirudisha lile jicho. Lakini mzee hakuja mjini tena kuliona.

Basi nisikilize, na usinipigie simu kubishana. Ukienda kuona kazi ya mwenzako, msalimie mwenye kazi kabla hujaisalimia sahani. Picha zako ziache nyumbani, na mdomo wako uziache huko pia. Ile ni siku yake. Zunguka ukumbi mzima, hata kama umechoka, hata kama unaona wewe ungechora vizuri zaidi, jambo ambalo nina shaka nalo. Mikono iweke nyuma ya mgongo. Ukitaka kujua ametumia nini, muulize. Hakuna mchoraji asiyetamani kuulizwa. Na ukiharibu, sema dakika hiyohiyo, mbele ya watu walewale.

Umeshachelewa siku kadhaa, lakini mimi nilichelewa wiki mbili. Mama yake Kendi anakuja kuona picha zile Ijumaa. Nenda kwa Kendi leo, umwonyeshe ulipokwaruza, kabla mama yake hajafika akadhani binti yake ndiye hajui kazi.

Mungu akupe macho ya kuzipenda kazi za wengine, mwanangu, na kazi yako impate mtu wa kuitazama akiwa amevua kofia. Sasa nenda.