Msamaha Aliouchukua Mlinzi Mwingine

Miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, Bariadi ilijaa vitu ambavyo hatukujua tuviweke wapi. Walinzi wa kampuni, kwa mfano. Sisi tulizoea sungusungu, wanakijiji wenyewe wanaolinda na kuamua kesi, na baba yangu alikuwa kamanda wao pale Somanda. Sungusungu akikosea unamjua, na mama yake unamjua.

Siku moja, kwenye geti la kiwanda cha kuchambua pamba, baba alisimama mahali alipokatazwa kusimama. Mlinzi akampiga rungu, mkono wa kulia ukavunjika. Baba hakudai ng'ombe wala shilingi. Alitaka mtu yule aje mbele ya mkutano wa sungusungu aseme kwa mdomo wake alichofanya, basi.

Kiwanda kikasema mlinzi si wetu, ni wa kampuni. Kampuni nayo ofisi yake iko Mwanza. Polisi wakasema wataangalia. Nilizunguka na baba mpaka nikaanza kujiuliza kama kweli mkono ule ulikuwa umevunjika. Mwishowe akafanya alilolijua: akapeleka wito getini, mlinzi aje Jumamosi.

Akaja. Sare ile ile, kofia ile ile, sura nyingine.

"Si wewe," baba alisema.

"Si mimi, baba. Yule kahamishwa lindo. Mimi nimetumwa. Kosa ni la kampuni, na leo kampuni ndiyo mimi."

Akapiga magoti, akaomba radhi kwa Kisukuma safi kuliko wakosaji wetu wenyewe. Wazee wakatazamana. Nani aliwahi kuona mkosaji wa kutumwa? Lakini aliyepiga magoti haachwi chini. Baba akamwinua kwa mkono mzima, akatangaza kesi imekwisha. Nilikasirika mno, na sikujua nimkasirikie nani.

Msimu uliofuata, mwanamume mmoja aliyevaa shati la kawaida alifika nyumbani na mkewe.

"Mwadila, baba," alisalimu. "Ni mimi niliyekupiga. Kazi ile nimeiacha. Nimekuja kusema."

Baba alimtazama, mkono uliopinda ukiwa mapajani. Alikuwa amemsubiri mtu huyu mwaka mzima. Lakini kesi iliyokwisha haifufuliwi. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha sungusungu wake hivyo.

"Umechelewa," alisema. "Msamaha wako nilimpa mwenzako."

"Hakunifikishia, baba."

Baba akageuka kunitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyejua la kufanya.