Udongo wa Ukuta wa Ngeleja

Milembe alikuwa mwanamke wa kazi, na kijiji kizima cha Lingeka kinajua. Pamba ya Bundala, mumewe, aliilima yeye, akaipalilia yeye, akaivuna yeye, huku mimba zikifuatana kama ng'ombe waendao kisimani. Na alikula nini? Ugali na mlenda, mchana na jioni. Mayai mjamzito hali, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Upuuzi mtupu, lakini upuuzi ukizeeka unaitwa mila.

Katika mimba hii ya nne, viganja vilimgeuka vyeupe. Akibeba ndoo moyo unamdunda, na mdomo ukaanza kudai udongo. Si udongo wowote, jamani. Alitaka ule wa kichuguu uliojenga ukuta wa jirani yao Ngeleja, unaonukia mvua ikiugusa. Akienda kuteka maji hubandua kipande, akakifunga kwenye pindo la khanga, akakitafuna njiani. Wanawake wengi hufanya hivyo, wala hawawaambii waume zao.

Sasa, huku kwetu Usukumani, ukimkuta mtu anachota udongo wa nyumba yako, huulizi. Unajua anaupeleka kwa mganga akakuroge. Ngeleja alikuwa amemzika mwanawe wa mwisho wiki ile ile, homa ilimchukua. Asubuhi akatoka nje, akamwona Milembe anakwangua ukuta. Akapiga yowe.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuja mbio na fimbo na marungu. Fimbo ya kwanza ilimpata Milembe begani, ya pili ikamvunja mkono aliokingia tumbo. Walipofungua khanga udongo ukamwagika, na hapo hakuna aliyetaka maelezo tena. Ngeleja alimkanyaga shingo, akimtaka aseme nani kamtuma. Mmoja alishakwenda kufyonza petroli kwenye pikipiki. Na Bundala? Bundala alisimama kando ya zizi, mikono nyuma, mwanaume mzima, anatazama. Loo, aibu yake.

Milembe hakuwa na pumzi ya kujitetea. Aliokota kipande cha udongo akakila mbele yao, damu ya mdomoni ikichanganyika nacho. Baadhi wakarudi nyuma, maana mchawi hali dawa yake. Lakini Ngeleja akainua rungu.

Aliyelidaka rungu lile ni mkewe mwenyewe, Wilhelmina, macho yamevimba kwa kilio. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutaka kisasi siku ile, ni yeye. Alimsukuma mumewe, akaenda ukutani, akabandua kipande, akakitafuna.

"Ukuta huu nimeula mimi," alisema. "Mimba nzima ya marehemu. Niueni na mimi."

Aliyeleta petroli aliiweka chini.

Kule zahanati, nesi Harieth alimfunga Milembe mkono, akamvuta chini kope za macho, akakuta ndani peupe. Akamweleza Bundala kwamba mwili unahitaji madini ya chuma, kidogo tu kila siku, lakini ukiyakosa hautengenezi damu. Mwenye upungufu huo ndiye mara nyingi hutamani udongo, na udongo nao huyazuia hata yale machache yaliyo kwenye chakula. Akatoa vidonge, akasisitiza dagaa, maharage, majani ya kunde, na maini yakipatikana.

Sungusungu wakageuka, wakampiga Ngeleja faini ya mbuzi kwa kupiga yowe la uongo. Kama kawaida mbuzi akachinjwa pale pale, wakaketi wanaume peke yao kumla, na maini hayatoki kwenye duara lao. Yalipoiva, Bundala akayanyakua. Mzee Mboje, mkubwa wao, akamkumbusha mila. Bundala akamtandika ngumi ya mdomo, jino likaruka. Wengine wakamvamia, wakampasua kichwa kwa fimbo, wakampiga mateke ya mbavu, lakini maini hakuyaachia. Alifika nyumbani shati limelowa damu, akayaweka mbele ya mkewe, akangoja kusifiwa.

Milembe aliyala yote kwa mkono mmoja, polepole, maana mtoto alikuwa bado anacheza tumboni. Alipomaliza, akamtazama mumewe.

"Kumbe unajua kupigana," alisema.